Kabla Uniuzie Roboti ya Hisa, Nionyeshe Faili ya Bei

Wasee, naanza na msimamo wangu ndio kama ni kunichapa mnichape mapema. Kila mtu anayekuuzia roboti ya hisa, kozi ya hisa ama mbinu ya "pesa ikulete pesa ukilala" atakuonyesha grafu inayopanda. Na sisi wote huuliza swali moja: nitapata ngapi? Hilo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni: bei za zamani zenye ulitumia kuchora hiyo grafu ulitoa wapi, na uliziingiza aje kwa programu? Akianza kuzunguka, wewe weka simu mfukoni, endelea na maisha.

Msimamo wangu wa pili ndio utafanya wengine wakasirike: bei za zamani za soko letu la hisa, zile za kufunga kila siku, zinafaa kuwa bure kwa kila Mkenya. Nitawaambia kwa nini. Lakini kwanza tuelewane vile hii kitu hufanya kazi, juu ukishaelewa, hakuna mtu atakudanganya kirahisi.

Programu haijui kitu

Watu hudhani programu za soko ziko na akili fulani ya siri. Hapana. MetaTrader, AmiBroker, Excel ya kawaida, ama mistari kumi ya Python, zote ni sawa na mtoi wa darasa la kwanza: atasoma tu chenye umemwandikia ubaoni. Unachompa ni faili, mara nyingi ya CSV, ambayo ni maandishi tu yaliyotenganishwa kwa koma. Kila mstari ni siku moja ya soko. Kuna tarehe, bei ya kufungua, bei ya juu kabisa, ya chini kabisa, bei ya kufunga, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo.

Halafu unaipa sheria. Kwa mfano: hisa ikipanda asilimia 5 kwa wiki, nunua, ikishuka asilimia 5, uza. Programu inatembea mstari kwa mstari kama mtu anayesoma shajara, inajifanya inanunua na kuuza, mwisho inakuambia elfu 100 yako ingekuwa ngapi leo. Hiyo ndiyo wanaita baktesti. Ni kitu poa sana, na mimi huifanya kila wiki. Inakuwezesha kujaribu ujinga wako kwa pesa ya hewa kabla ujaribu kwa pesa ya rent.

Shida ni kwamba grafu haiwezi kuwa mkweli kushinda faili. Ukiingiza uchafu, itakupakulia uchafu, lakini kwa sahani safi sana yenye rangi ya kijani. Na wengi wetu tunaangalia sahani tu.

Tarehe peke yake inaweza kukumaliza

Chukua kitu kidogo kama tarehe. Sisi Kenya tunaandika siku kwanza, halafu mwezi. Marekani wanaanza na mwezi. Programu nyingi zimetengenezwa zikifikiria vile Mmarekani anafikiria, na MetaTrader yenyewe inataka mwaka mbele, mwezi, halafu siku.

Sasa angalia 04/03/2021. Kwetu hiyo ni tarehe 4 Machi 2021, Alhamisi, soko liko wazi. Programu ikiisoma kimarekani inakuwa tarehe 3 Aprili 2021. Hiyo ilikuwa Jumamosi, tena Jumamosi ya Pasaka. Soko la Nairobi lilikuwa limefungwa na wewe ulikuwa ocha ukila mbuzi. Lakini kwa faili yako, hisa imeuzwa vizuri tu, na hata imepanda.

Na si mstari mmoja. Kila mwezi, siku ya 1 hadi ya 12 zinaweza kugeuzwa hivyo. Kutoka tarehe 13 kwenda juu, programu inaona hakuna mwezi wa 13, kwa hivyo inazikataa ama inaziacha kama maandishi tu. Unabaki na soko lililotafunwa: nusu ya siku zimepotea, na zingine zimerushwa kwa miezi isiyo yao. Na programu haitalia. Itachora grafu.

Koma nayo? Hisa 1,250,000 zikiuzwa, mtu akihifadhi hiyo namba na koma zake ndani ya CSV bila alama za kufungia, programu inaona safu tatu: 1, halafu 250, halafu 000. Siku yenye watu walikanyagana kununua inaonekana kama siku yenye hisa moja tu iliuzwa.

Kuna mtu ataniambia wewe uliacha chuo, utatufunza nini. Sawa. Nilifanya semista nne za takwimu kabla karo kukatika, na sina cheti ukutani. Lakini kuangalia kama faili iko na Jumamosi ndani haihitaji gauni.

Stori ya chama yetu

Hapa ndipo hii mambo iliacha kuwa ya kompyuta. Tuko na chama ya vijana 11, wengi wa ploti moja. Tulikuwa tumeweka pesa karibu miaka miwili, imefika shilingi 180,000. Mpango ulikuwa kununua mashine ya kuosha magari na tangi la maji. Kuna wasee wawili hapo ndani hawana kazi kabisa, na hiyo mashine ndiyo ilikuwa iwe kazi yao.

Jamaa mmoja, si memba, rafiki tu wa memba, akakuja kwa mkutano na laptop na roboti yake ya hisa za Nairobi. Grafu yake ilikuwa tamu. Inaanza chini kushoto, inapanda hadi juu kulia, na kuteleza kidogo kidogo tu ndio ionekane ya ukweli. Akasema ni Safaricom, ya juzi juzi tu. Alitaka tumpe 150,000 aiendeshe, yeye akate asilimia 20 ya faida.

Mimi niliona kitu kimoja. Chini ya grafu hakukuwa na tarehe. Palikuwa na "siku ya 1, siku ya 2, siku ya 3" hadi mwisho. Nikamwambia, boss, hii ni poa, tutumie ile faili uliingiza. Alichukua siku tatu. Wasee wa chama wakaanza kuniona kama mimi ndiye naleta shida.

Faili ilipokuja, mstari wa kwanza kabisa ulikuwa Desemba 2023. Wa mwisho, Agosti 2021. Majedwali mengi ya bei huandikwa hivyo: mpya juu, zamani chini. Ni kawaida. Lakini roboti yake ilikuwa fomula za Excel zinazosoma kutoka mstari wa juu kwenda chini, bila kuuliza tarehe. Yaani alikuwa amecheza soko kinyumenyume, kama video ya mtu anayetapika chapati hadi inarudi nzima kwa sahani.

Kumbuka Safaricom ilifanya nini hiyo miaka. 2021 ilikuwa imepita shilingi 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kila mtu aliyeishika alilia. Sasa igeuze: inaanza chini ya 15, inapanda hadi 40 na kitu. Ndiyo hiyo grafu tamu. Nilipanga tarehe kutoka ya zamani hadi mpya, sheria zile zile, faili ile ile, na pesa ya mfano ikapoteza zaidi ya theluthi moja.

Sijui kama alijua. Sitaki kumhukumu, inawezekana yeye mwenyewe aliamini. Lakini hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi: huhitaji kuwa mwizi ndio umalize watu, inatosha kutosoma faili yako.

Tulipiga kura. Pesa ilibaki na mashine ikanunuliwa. Wasee wawili walitoa shea zao wakampa jamaa hata baada ya kuona, juu walisema mimi ni mtu wa wivu. Ilienda aje, hiyo ni stori yao, si yangu kusimulia.

Mitego yenye hata watu wajanja hawaoni

Tuseme tarehe ziko sawa na mpangilio uko sawa. Bado hujamaliza.

Kuna kugawanywa kwa hisa. Mwaka wa 2009 Equity iligawanya hisa zake, kila moja ikawa 10. Ukiwa na hisa 100 unaamka na 1,000, na bei ya kila moja inakuwa sehemu moja ya kumi. Hujapoteza chochote. Ni kama noti ya elfu moja kuchenjiwa iwe soo kumi. Lakini kwa faili ya bei ambayo haijarekebishwa, programu inaona hisa imeanguka asilimia 90 usiku mmoja. Roboti inauza kwa hofu, ama ile ya kununua vitu vikishuka inajaza gari. Nvidia ilifanya hivyo hivyo Juni 2024, kumi kwa moja, na Apple nne kwa moja Agosti 2020. Ndio maana faili nyingi za hisa za Marekani huja na safu ya ziada ya bei iliyorekebishwa. Faili za Nairobi zinazozunguka kwa WhatsApp mara nyingi hazina hiyo safu.

Njia rahisi ya kushika hii: soko la Nairobi lina kikomo, kwa kawaida bei ya hisa haiwezi kupanda ama kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Ukiona mruko mkubwa kuliko huo kwa faili, simama. Ama ni kosa la kuandika, ama kampuni ilifanya kitu, na wewe lazima ujue ni gani.

Halafu kuna siku zenye hakuna bei. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020 na ikarudi Januari 2025. Miaka minne na nusu. Programu nyingi zikikuta pengo zinajaza na bei ya mwisho, kwa hivyo kwa grafu unaona mstari mtulivu kama Ziwa Naivasha asubuhi. Roboti inayopenda hisa "tulivu" itaipenda KQ kuliko zote. Lakini uliza mtu aliyekuwa nazo na akahitaji karo ya mtoto 2022 kama alikuwa mtulivu. Hakuwa na mahali pa kuziuza. Pengo si utulivu, pengo ni mlango uliofungwa.

Kuna na kampuni zilizokufa. Ukichukua orodha ya kampuni zilizo sokoni leo, halafu uingize bei zao za miaka 15, umeshadanganyika kabla hujaanza. Mumias Sugar iko wapi? ARM Cement? Hizo zilikuwa hisa za watu, kuna wazee huko Kakamega walizinunua na pesa ya miwa. ARM iliwekwa chini ya msimamizi 2018, Mumias ikafuata 2019. Faili yako isipokuwa nazo, unajaribu mbinu yako kwa wanafunzi waliopita mtihani peke yao, halafu unashangaa darasa liko na akili.

Majina pia hubadilika. Barclays Kenya iliitwa Absa kutoka 2020. NIC na CBA ziliungana zikawa NCBA 2019. Kama uliingiza kwa jina jipya tu, historia inaanza ghafla, ya nyuma iko kwa faili nyingine yenye hukutafuta.

Na mwisho, gharama na gawio. Ada za dalali na tozo zingine, kwa mwekezaji mdogo Nairobi, zimekuwa zikikaribia asilimia 2 ukinunua na asilimia 2 ukiuza. Roboti inayonunua na kuuza mara 40 kwa mwaka, hata bei zisiposonga hata senti, elfu 100 yako inabaki kama elfu 20. Fanya hesabu mwenyewe: zidisha 0.96 mara 40. Upande ule mwingine, ukiacha gawio nje unazionea hisa zingine. BAT Kenya ililipa jumla ya shilingi 57 kwa kila hisa kwa mwaka wa 2022. Mtu anayeangalia safu ya bei pekee haoni hiyo pesa kabisa, na anaweza kukuambia hisa imelala.

Pia angalia safu ya idadi. Kuna hisa Nairobi zenye siku nzima zinauzwa mia tatu tu, ama hakuna hata moja. Roboti yako ikisema ilinunua 50,000 siku hiyo, ilinunua kwa nani?

Sasa turudi kwa haki yetu

Swali lenyewe ni hili: kwa nini kijana wa Nairobi anaweza kupata bei za kila siku za Apple za miaka mingi, bure, kwa dakika moja, lakini za Safaricom, kampuni yenye iko kwa simu yake, anaombaomba kwa grupu za Telegram?

Data rasmi ya miaka ya nyuma ya soko letu huuzwa. Naelewa. Soko lilianza 1954, likaitwa Nairobi Securities Exchange kutoka 2011, na 2014 lenyewe likaorodhesha hisa zake. Ni kampuni, lina wenyewe, lina mishahara ya kulipa. Mtu atasema, kwani wewe kazi yako unapeana bure?

Hiyo hoja iko na uzito na sitajifanya haiko. Kukusanya bei, kusafisha na kuhifadhi ni kazi. Kwa hivyo sisemi wapeane kila kitu. Bei za sasa hivi, sekunde kwa sekunde, wauze. Rekodi ya kila ununuzi ndani ya siku, wauze kwa benki na mifuko mikubwa, hao wako na pesa na wanaihitaji. Mimi naomba kitu kimoja: bei ya kufunga ya kila siku, iliyopita zaidi ya mwaka mmoja, ikiwa na kampuni zilizokufa ndani na maelezo ya kila kugawanywa kwa hisa. Faili moja ya CSV. Hiyo haiwezi kumpa mtu yeyote ujanja wa kushinda soko kesho asubuhi. Ni historia.

Na historia hiyo tayari ilishachapishwa. Magazeti yetu yamekuwa yakichapa bei za hisa miaka mingi. Ukiingia maktaba yenye magazeti ya zamani na kalamu na uvumilivu, utazipata. Yaani si siri, imewekwa tu mahali penye ni tajiri ama mtu asiye na kazi pekee anaweza kufika. Benki Kuu inaweka viwango vya kubadilisha pesa kwa tovuti yake na hulipi kitu. Ofisi ya takwimu ya taifa inatoa bei za unga na mafuta. Kwa nini bei ya hisa iwe tofauti, wakati mwaka wa 2008 serikali ilituomba sisi wananchi tununue hisa za Safaricom kwa shilingi 5? Wazazi wetu walipiga foleni. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, shilingi elfu kumi, na kuna watu waliuza ng'ombe na kukopa ndio wapate. Bei ikashuka chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata. Hiyo stori yote iko kwa hizo namba. Ni stori yetu.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Kijana anayetaka kujifunza soko hujifunza na chenye anapata. Chenye anapata bure ni dhahabu, dola na hisa za Marekani. Kwa hivyo tunakuza kizazi chenye kinajua Nvidia ilifunga ngapi jana lakini hakijui kama KCB ilipanda. Na tunaposema vijana hawawekezi nyumbani, tunawalaumu kwa kutopenda nyumba yenye mlango wake una kufuli.

Pengo lenyewe nalo haliachwi wazi. Linajazwa na majamaa wa laptop. Kama ningekuwa na faili rasmi ya bure siku ile ya mkutano, ningeweka bei za Safaricom kando ya grafu ya yule jamaa na tungemaliza kwa dakika tano. Hatungengoja siku tatu, na pengine wale wasee wawili wangebaki. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iko na kanuni za madalali wa fedha za kigeni mtandaoni tangu 2017, na ni vizuri kuangalia kama mtu ana leseni. Lakini leseni haisomi CSV ya mtu. Njia ya kulinda watu kwa wingi ni kuwapa kitu cha kulinganisha nacho.

Hadi hiyo siku ifike

Ukipewa faili, ama ukijitengenezea, usiiingize kwa programu kabla ufanye hivi:

1. Badilisha tarehe zote ziwe mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2021-03-04. Hiyo haichanganyi mtu yeyote.
2. Panga kutoka ya zamani hadi mpya. Angalia mstari wa kwanza na wa mwisho kwa macho yako.
3. Tafuta Jumamosi na Jumapili. Ukipata hata moja, rudi namba 1.
4. Toa koma ndani ya namba. Toa maneno kama "shilingi" kwa safu za bei.
5. Hesabu mistari. Mwaka mmoja wa soko ni kama siku 250. Ukiona 100, kuna kitu kimeliwa.
6. Hakikisha bei ya juu kabisa kweli ni kubwa kuliko ya chini kabisa ama sawa nayo, na ya kufunga iko katikati yao ama sawa na mojawapo. Isipokuwa hivyo, pengine safu zimebadilishana.
7. Tafuta kila mruko wa zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na uandike kando sababu yake.
8. Usijaze mapengo kimyakimya. Weka alama, ujue siku gani hakukuwa na soko la hiyo hisa.
9. Chagua siku tano ovyo ovyo, tafuta bei zake mahali pengine, linganisha.
10. Hifadhi faili ya kwanza bila kuigusa. Fanyia kazi nakala.

Hii inachukua mchana mmoja. Inaboesha, sitadanganya, hakuna mtu amewahi kupata views juu ya kuonyesha akipanga tarehe. Lakini ukishafanya mara moja utashtuka vile zile grafu za kijani zinaanza kuonekana tofauti. Unaanza kuuliza maswali. Miaka gani? Kampuni gani ziliachwa nje? Ada ziko ndani? Mbona hakuna tarehe hapa chini?

Mimi nimeanza na kampuni tatu: Safaricom, Equity na KQ. Naandika bei za kufunga kutoka magazeti ya zamani, mwezi mmoja kila wikendi, na kila kugawanywa na kila kusimamishwa nakiandika kando kwa lugha ya kawaida. Ni kazi ya polepole, na soko lingeweza kunimalizia hiyo kazi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hadi walibonyeze, yeyote anayetaka kuchukua kampuni moja aichukue, tugawane. Na yule anayekuja na roboti kwa mkutano wa chama yenu wiki ijayo, mpatieni chai, mskizeni hadi amalize. Halafu mwambieni polepole, bila matusi: nzuri sana boss, sasa tutumie faili.